Kulwa na Doto: yai moja liligawanyika vipi bila kuzaa nusu mtu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mabinti mapacha wa miaka minne, Kulwa na Doto, wanaofanana hata bibi yao huwachanganya. Kwenye kipimo cha ultrasaundi niliambiwa kwamba kondo la nyuma ni moja lakini kila mtoto ana chupa yake, na kwamba wametokana na yai moja lililogawanyika. Yai likishakatika vipande viwili, kwa nini kila kipande hakikuwa nusu mtoto? Na kama kila seli ya mwili ina vinasaba vilevile, seli ya jicho ilijuaje iwe jicho, na ya ini iwe ini? Mbona Doto ana baka la kuzaliwa begani na Kulwa hana? Mwisho, kuna dada anatuuzia vidonge anavyosema vina seli shina za kurudisha viungo vilivyochoka, na mama mkwe ameshanunua vya miezi miwili. Vina ukweli wowote? (Mama Kulwa)

JIBU: Marahaba, Mama Kulwa. Swali lako la kwanza lilimfanya mwanasayansi mmoja wa Kijerumani aache maabara na kuhamia kwenye falsafa, kwa hiyo usidhani umeuliza jambo dogo. Nitaanza nalo, kwa sababu maswali yako mengine matatu yanalitegemea, hata hilo la vidonge vya mama mkwe.

Wazo la nusu mtoto lilikuwa na watetezi wakubwa. Mwaka 1888 Wilhelm Roux alichukua viinitete vya chura (yaani viumbe katika hatua za mwanzo kabisa za kukua) vilivyokuwa vimefikia seli mbili, akachoma seli moja kwa sindano ya moto, na kuiacha ya pili iendelee. Hiyo ya pili ilijijenga kuwa nusu kiinitete: upande mmoja wa mwili ulikuwapo, wa pili haukuwapo. Roux akaamini kwamba yai linapogawanyika, seli zake hugawana maelekezo kama watu wanavyogawana mirathi, huyu akapewa shamba la mlimani na yule la bondeni, na kwamba kila mgawanyiko unaofuata huendelea kumega mafungu hayo hadi seli ya jicho ibaki na maelekezo ya jicho peke yake. Hoja hiyo ilikuwa na mvuto, maana ingejibu swali lako la jicho na ini kwa mpigo mmoja.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1891, Hans Driesch alijaribu jambo hilohilo kwa kiumbe mwingine, jamaa wa yule mnyama wa baharini mwenye miba mirefu ambaye waogaji wa pwani yetu huogopa kumkanyaga. Yeye hakuua seli yoyote. Alitikisa viinitete vya seli mbili katika tyubu ya maji ya bahari hadi seli zikaachana, kisha akaziacha usiku kucha akitarajia kukuta viumbe nusunusu asubuhi. Alichokikuta ni viumbe wachanga kamili, kila mmoja na umbo lake zima, ila wadogo kuliko kawaida. Driesch hakuweza kueleza ni mashine gani inayoweza kukatwa katikati na kila kipande kikawa mashine nzima. Mwishowe akahitimisha kwamba uhai unaongozwa na nguvu isiyo ya kimaada, na akaishia kuwa profesa wa falsafa.

Hata hivyo Roux hakuwa mwongo. Seli aliyoiua aliiacha ikiwa bado imeshikamana na ile nzima, na ile nzima iliendelea kujengeka kana kwamba ina mwenzake. Watafiti waliokuja baadaye, walipoiondoa kabisa ile seli iliyokufa, waliona seli moja iliyobaki ikitoa kiluwiluwi kizima. Nakuomba ulishike jambo hilo, kwa kuwa ndilo uti wa mgongo wa jibu langu lote. Seli changa haibebi hati inayosema itakuwa nani. Hulijua hilo kutokana na mahali ilipo na majirani inaogusana nao, na inapokwisha kulijua, hulikumbuka.

Sasa turudi kwa mabinti zako, maana ile karatasi ya ultrasaundi ina habari nyingi zaidi ya ulizoambiwa. Yai lilirutubishwa katika mrija wa uzazi, likakaa takriban siku nzima kabla ya kugawanyika mara ya kwanza. Siku ya pili seli zilikuwa nne, siku ya tatu nane hivi, bila kiinitete chenyewe kuongezeka ukubwa: ni yai lilelile, lenye upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, linalokatwakatwa kuwa seli ndogo na ndogo zaidi ndani ya ganda lake laini. Katika siku hizo seli zote zina uwezo unaokaribiana sana. Ushahidi wa hilo kwa binadamu tunao. Tangu mwaka 1990, kiinitete cha siku tatu kilichotungwa maabara kimekuwa kikitolewa seli moja au mbili ili zichunguzwe kama zina ugonjwa wa kurithi, kisha kinapandikizwa kwa mama, na mtoto anazaliwa bila kupungukiwa hata ukucha.

Tofauti ya kwanza hujitokeza karibu na siku ya nne, na chanzo chake ni cha kawaida mno kiasi kwamba wanafunzi wangu huwa hawakiamini. Seli zinapofikia 16 hivi hubanana, na kwa mara ya kwanza ziko zilizo nje na ziko zilizozungukwa pande zote. Seli ya nje ina uso mmoja usiogusana na mtu. Kwa panya, ambao mambo haya yamechunguzwa kwao kwa undani zaidi, seli yenye uso huo mtupu huiruhusu protini iitwayo YAP iingie katika kiini chake, yaani sehemu ya seli inayohifadhi vinasaba, na kuwasha jeni (kinasaba) inayoitwa CDX2, na kuanzia hapo seli hiyo hushika njia ya kuwa sehemu ya kondo la nyuma. Seli ya ndani, iliyobanwa na majirani kila upande, huizuia YAP mlangoni, na jeni nyingine kama OCT4 na NANOG huendelea kuwaka. (Hilo jina la NANOG limechukuliwa kutoka nchi ya ngano za Waairishi ambako hakuna anayezeeka, wanabaiolojia tukipewa nafasi ya kubatiza kitu huwa hatujizuii.) Kufikia siku ya tano kiinitete ni kijipira chenye maji ndani, kilichozungushiwa ukuta wa seli, na kwenye upande mmoja wa ndani limejishikiza fundo dogo la seli. Ukuta utashiriki kujenga kondo la nyuma. Mtoto atatoka katika lile fundo.

Kwa kujua hayo, tunaweza kuhesabu siku mabinti zako walipoachana. Kama kiinitete kingegawanyika ndani ya siku tatu za mwanzo, kabla ukuta haujajengwa, kila mmoja angejitengenezea ukuta wake na kondo lake, na hivyo ndivyo inavyokuwa kwa takriban theluthi moja ya mapacha wa yai moja. Wako walikuwa na kondo moja, kwa hiyo ukuta ulikwisha kuwapo. Lakini kila mmoja alikuwa na chupa yake, na chupa huundwa karibu na siku ya nane. Basi ni lile fundo la ndani lililogawanyika, kati ya siku ya nne na ya nane, kila kipande kikabaki na seli ambazo zilikuwa bado hazijaambiwa lolote isipokuwa kwamba ziko ndani. Kipande hakikuwa na kiungo cha kukosa kwa sababu hapakuwa na kiungo chochote. Fundo likichelewa zaidi kugawanyika, watoto hukaa katika chupa moja, jambo linalotokea kwa karibu mmoja kati ya mapacha 100 wa aina hiyo. Mgawanyiko ukianza baada ya siku ya 13 hivi, haukamiliki, na huzaliwa mapacha walioungana, kama walivyokuwa Maria na Consolata, ambao Watanzania wengi waliwafuatilia kwa upendo hadi walipofariki Iringa mwaka 2018.

Kwa nini mlango ufungwe karibu na wiki mbili? Kwa sababu wakati huo fundo limekwisha kuwa bamba bapa, na juu ya bamba hilo, kuanzia upande utakaokuwa wa chini wa mwili, hujichora mfereji mwembamba. Ni hapo ambapo kiinitete hupata kichwa na mkia, kushoto na kulia. Seli husogea kuelekea mfereji, huzama, na kuenea chini yake. Kundi linalozama mwanzo hufanya tabaka la ndani, litakalozaa utando wa utumbo, mapafu, ini na kongosho. Linalofuata hukaa katikati na kuzaa misuli, mifupa, moyo, figo na damu. Zile zinazobaki juu huzaa ngozi na mfumo mzima wa neva, ubongo ukiwemo. Ukiniuliza ni siku zipi za maisha ya mtu zilizo nzito kuliko zote, sitakutajia harusi wala mazishi. Nitakutajia hizo chache za wiki ya tatu, ambazo mama wengi huzipita hata hawajajua kwamba ni wajawazito.

Hapa naomba nitoke nje ya njia kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe linawahusu akina mama wote wanaofikiria kubeba mimba. Sehemu ya tabaka la juu hujikunja kuwa mfereji, kingo zake zikakutana na kufungana kuwa bomba, na bomba hilo, ambalo ndilo litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo, huwa limefungwa kufikia siku ya 28 hivi. Lisipofungwa vizuri upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao hupata pia kichwa kikubwa. Asidi foliki hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini ni lazima iwe mwilini kabla, maana siku ya 28 ni wiki mbili tu tangu hedhi ichelewe. Mama anayeanza kumeza vidonge vya asidi foliki siku anayofungua kadi ya kliniki katika mwezi wa nne amechelewa kwa kazi hii mahususi, ingawa vinamfaa kwa mengine. Kiwango cha kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia walau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Ndiyo sababu kanuni za mwaka 2011 za Tanzania zilivitaka viwanda viongeze asidi foliki kwenye unga wa ngano.

Turudi. Umeuliza jicho lilijuaje kuwa jicho na ini kuwa ini. Umechagua mifano miwili mizuri, na kila mmoja una historia yake.

Ini linatokana na tabaka la ndani, kwenye sehemu ya mbele ya bomba la utumbo mchanga. Sehemu hiyo ya bomba, ikiachwa ijiendee yenyewe, huelekea kuwa kongosho. Ila kipande kimoja chake hujikuta kimekaa ubavuni mwa moyo unaojengeka, na moyo huo humwaga protini ndogo za familia iitwayo FGF. Seli zinazozipokea huanza kuwasha jeni za ini. Kwa maneno mengine, ini ni ini kwa sababu lilikuwa jirani wa moyo. Kwa upande wa jicho, ubongo mchanga huchomoza vikombe viwili kuelekea ngozi ya kichwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Hans Spemann aliharibu kikombe kimoja katika kiinitete cha chura akaona kwamba upande huo, ngozi iliyotarajiwa kutoa lenzi haikutoa. Ngozi ya juu ya jicho huwa lenzi inapofikiwa na kikombe kutoka chini, na mazungumzo kati ya tishu hizo mbili huendelea kwa siku nyingi hadi jicho likamilike.

Huyo Spemann ndiye aliyelichunguza hasa suala la mapacha, tena kwa kifaa usichoweza kukikisia. Alichukua unywele laini wa mtoto wake mchanga, akaufanya kitanzi, na kukaza nao viinitete vya mjusi wa majini hadi vikatengana katikati. Mara nyingine alipata mapacha wawili wazima. Mara nyingine alipata mmoja mzima, na upande wa pili donge la tishu za tumbo lisilo na uti wa mgongo wala kichwa. Tofauti ilitokana na jinsi kitanzi kilivyokatiza eneo moja dogo lenye rangi ya kijivu juu ya yai: nusu iliyopata sehemu ya eneo hilo ilikuwa mnyama, iliyokosa ikawa tumbo tu. Kwa hiyo naomba nirekebishe kidogo nilichosema juu. Si kila nusu hutosha. Nusu hutosha ikiwa imebaki na seli zinazoweza kuanzisha mazungumzo.

Mwanafunzi wake, Hilde Mangold, alionyesha jinsi mazungumzo hayo yanavyokwenda. Alichukua kipande kidogo kinachotokana na eneo hilo kutoka kiinitete cha aina ya mjusi isiyo na rangi, akakipandikiza kwenye tumbo la kiinitete cha aina nyingine yenye rangi, ili aweze kutofautisha seli za mgeni na za mwenyeji. Palepale tumboni paliota mnyama wa pili, mwenye uti wa mgongo na dalili za kichwa, aliyeungana na wa kwanza tumbo kwa tumbo. Na alipozikagua seli kwa hadubini, sehemu kubwa ya mfumo wa neva wa mnyama huyo wa pili ilikuwa na rangi ya mwenyeji: seli zilizokuwa zikielekea kuwa ngozi ya tumbo zilikuwa zimeshawishiwa na mgeni ziwe neva. Matokeo yalichapishwa mwaka 1924, na mwaka huohuo Mangold alifariki akiwa na miaka 25, baada ya jiko la nyumbani kulipuka. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935, peke yake.

Kilichokuja kugunduliwa miaka ya 1990 kuhusu ushawishi huo bado hunishangaza. Tulidhani kipande cha Mangold kilikuwa kikiziambia seli, "iweni neva." Sivyo. Tabaka la juu, lisipoambiwa kitu, huelekea lenyewe kuwa neva; ni protini zinazoitwa BMP zinazoliambia liwe ngozi. Kazi ya kile kipande ni kutoa protini nyingine, kama Noggin na Chordin, zinazozikamata BMP njiani zisifike. Ubongo wako, Mama Kulwa, ulipatikana kwa sababu kuna mahali amri ya kuwa ngozi haikusikika.

Lakini mtu anaweza kuuliza: tumejuaje kwamba seli ya ini haikutupa maelekezo ya jicho baada ya kupata kazi yake? Hapo ndipo alipoingia chura wa Afrika. Mwaka 1962 John Gurdon, wa Oxford, alichapisha kazi yake juu ya Xenopus laevis, chura mwenye kucha anayeishi katika mabwawa ya kusini mwa bara letu. Alikiharibu kiini cha yai kwa mionzi ya urujuanimno, akaweka mahali pake kiini kilichotolewa katika seli ya utumbo ya kiluwiluwi. Mayai mengi yalikufa. Machache yalikua hadi kuwa vyura. Kiini kilichokuwa kikiongoza utumbo kilijenga macho, ini, moyo na miguu, maana yake hakuna ukurasa uliokuwa umechanwa. (Shuleni, mwalimu wa baiolojia alimwandikia Gurdon kwamba wazo lake la kuwa mwanasayansi ni la kuchekesha. Nawaambia wazazi jambo hili kila mwisho wa muhula.) Mwaka 1996 huko Uskoti kondoo Dolly alizaliwa kwa njia ya namna hiyo kutokana na seli ya kiwele ya kondoo wa miaka sita, baada ya mayai 277 kutengenezwa ili apatikane yeye mmoja.

Kwa hiyo seli zako karibu zote zina kitabu kizima, chenye jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Nasema karibu, kwa kuwa chembe nyekundu za damu hutema kiini chake kabisa, na baadhi ya chembe nyeupe hukata na kuunga upya jeni zao za kinga. Zinazobaki hutofautiana kwa kurasa zinazosomwa. Protini maalumu hukaa juu ya DNA, kemikali inayobeba vinasaba, na kuwasha jeni kadhaa, miongoni mwa jeni hizo zikiwamo zile zinazotengeneza protini hiyohiyo, ili taa isizimike. Wakati huohuo kurasa zisizohitajika hukunjwa kwa nguvu na kutiwa alama ndogo za kikemikali, ambazo seli ikigawanyika hunakiliwa kwa mabinti zake wote wawili. Hiyo ndiyo kumbukumbu niliyoitaja mwanzoni. Ndiyo inayofanya jeraha la ngozi lipone kwa ngozi, na mtu akikatwa ini, lililobaki liote ini.

Uzito wa baadhi ya swichi hizo unatisha. Mwaka 1995 timu ya Walter Gehring huko Basel iliwasha jeni moja ya jicho katika maeneo yasiyo yake ya nzi mchanga, na nzi wakaota macho miguuni na kwenye mbawa. Walipotumia jeni inayolingana nayo kutoka kwa panya, nzi waliota macho vilevile, tena macho ya nzi, si ya panya. Jeni ile haina ramani ya jicho ndani yake. Inachosema ni "jengeni jicho hapa," na seli za nzi zinajua la kwao.

Kuhusu baka la Doto, majirani huenda wamekwambia kwamba kuna kitu ulikitamani ukakikosa ulipokuwa mjamzito. Si hivyo. Tangu siku walipoachana, kila mmoja amejenga mwili wake kwa mamilioni ya migawanyiko ya seli, na katika migawanyiko hiyo hutokea makosa madogo ya kunakili. Baadhi ya mabaka ya kuzaliwa hutokana na badiliko moja katika seli moja ya rangi ya ngozi au ya mishipa midogo ya damu. Wazao wote wa seli hiyo hulibeba, wakakaa pamoja, nasi tukaona doa. Alama za vidole nazo zinategemea namna ngozi ya ncha za vidole ilivyokua na kujikunja tumboni, kwa hiyo za Kulwa zinashabihiana na za Doto bila kulingana.

Kwa kuwa ni wasichana, kuna tofauti nyingine ambayo huwezi kuiona. Kila mwanamke ana kromosomu (vifurushi vya DNA) za X mbili, na kiinitete kikiwa bado kichanga, kila seli huzima moja kati ya hizo, ya baba au ya mama, kwa bahati nasibu, na wazao wake hufuata uamuzi huo daima. Mary Lyon alilipendekeza jambo hili mwaka 1961. Ukitaka kuliona kwa macho, mtazame paka mwenye mabaka meusi na ya rangi ya machungwa: karibu siku zote ni jike, na kila baka ni ukoo wa seli zilizozima X ileile. Wanao nao wana mabaka ya namna hiyo ndani ya miili yao, ila hayakujichora sawa kwa Kulwa na kwa Doto.

Sasa vidonge. Seli shina ni seli ambayo bado haijamaliza kuchagua kazi, au imechagua kwa kiasi tu, na inaweza kujigawa ili kuzaa zenye kazi maalumu. Zipo kweli. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka, wa Kyoto, alianza na jeni 24 alizozishuku, akazipunguza hadi nne, na kwa hizo nne akairudisha seli ya ngozi ya panya katika hali inayofanana na ya lile fundo la siku ya tano. Mwaka 2007 likafanyika kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 yeye na Gurdon wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja. Tiba iliyozoeleka zaidi ya seli shina ni upandikizaji wa uloto (ute laini wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), ambao hapa nchini umefanyika Muhimbili na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ambako watoto wenye selimundu wamepandikizwa. Tazama inavyohitajika: seli hai, zilizotolewa kwa mtu anayeoana na mgonjwa, zilizohifadhiwa kwa uangalifu, zikaingizwa moja kwa moja kwenye mshipa, baada ya dawa kali kuziandalia nafasi katika mifupa.

Kidonge kilichokaushwa na kukaa dukani hakina seli hai. Hata kama ingekuwamo, asidi ya tumbo ingeifanya chakula, kama inavyofanya kwa seli za kuku au maharage. Na hata kama ingevuka hapo, baada ya yote niliyokueleza utaona tatizo lililobaki: seli huambiwa iwe ini na jirani aliye mahali maalumu katika siku maalumu, na hakuna anayemsubiri mgeni kwenye damu ya mtu mzima ili amwelekeze kwenye figo iliyochoka. Mwombe mama mkwe asinunue vya mwezi wa tatu, na kama ana dawa za presha au za sukari alizoziacha kwa ajili ya vidonge hivyo, azirudie leo na amwone daktari wake wiki hii.

Ikiwa siku moja mmoja wa mabinti zako atahitaji figo, mwenziwe ndiye wa kwanza kupimwa. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa na kudumu, huko Boston tarehe 23 Desemba 1954, ulifanywa kati ya mapacha wa yai moja, na mwili wa mpokeaji haukuikataa figo ya ndugu yake, kwa kuwa haukuwa na la kuitambua kama ngeni.